Mshenga Juu ya Pikipiki

Kaka yangu alinichagua niwe mshenga wake kwa sababu nina digrii. Sababu nyingine hakuwa nayo. Kwetu Bukavu kazi hiyo hupewa mtu mzima mwenye kitambi na sauti nzito, aliyezoea kusuluhisha ndoa za watu. Mimi nilikuwa na shahada ya historia ya kale, sina kazi, na nilishindwa hata kumwomba jirani yetu huku ugenini, mtaani Berea, apunguze redio.

"Wewe si umesoma mambo ya Wagiriki?" kaka aliniambia. "Basi Jumapili tunaenda kwa Wagiriki."

Yeye hupeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Baba wa mchumba wake, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, ndiye kiongozi wa kikundi chao cha waendesha pikipiki, ambao mara moja moja hutoka nje ya jiji pamoja. Safari hii walikwenda kutazama walichokiita magofu ya Kigiriki: hoteli ambayo tajiri fulani aliianza kwa mfano wa hekalu la kale, akaiacha kabla ya kuiezeka. Nguzo zilikuwa za saruji, changa kuliko mimi. Wiki nzima nilijiuliza kama ni haki kuziita magofu.

Kaka alipanga nipande nyuma ya mzee mwenyewe, ili njiani nimwombe binti yake. Hakufikiria helmeti wala mvua. Mvua ilitukuta kwenye robot, tukingoja taa iwe ya kijani, bado tuko Marshalltown katikati ya jiji, na haikutuacha tena. Nilirudia hotuba yangu ndani ya helmeti mpaka kioo kikajaa ukungu. Kila tuliposimama nilifungua mdomo, nikawaza: je, mtu huombwa binti soksi zake zikiwa zimelowa? Nikaufunga. Kwenye kona mzee alilala kushoto. Mimi, kwa kuhofia tutaanguka, nikalala kulia. Pikipiki ikayumba kama mlevi.

"We mtoto! Unataka kushuka?"

"Hapana, Papa!"

"Basi kaa kama mzigo!"

Tulipofika, wenzake walikimbilia kupiga picha kati ya nguzo, na makoti yao ya mvua yakipepea. Nikabaki na mzee. Sasa au basi, nikajiambia. Nikavuta pumzi.

"Papa, Wagiriki wa kale walikuwa na aina tatu za nguzo."

Nikaeleza ya kwanza. Nikaeleza ya pili. Mzee akavua glavu, akaikamua maji.

"Kijana," akasema, "tangu asubuhi umenikumbatia kiuno kama wewe ndiye bibi arusi. Una neno au huna?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nikalimwaga lote kwa pumzi moja: kaka, binti yake, nia njema, familia yetu. Kisha, kwa kuwa ukimya unanitisha, nikaongeza kwamba pikipiki kwa kweli ni chombo cha hatari sana.

Mzee akavaa tena glavu yake.

"Kwenu hakuna mkubwa?"

"Yuko, Papa. Baba mdogo."

"Mambo haya hayasemwi na mtoto, tena kwenye mvua. Mwambie baba yenu mdogo aje nyumbani. Na asije mikono mitupu."

Kaka alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, akijifanya anakagua mnyororo wa pikipiki yake. Nikitembea kumfuata nilitunga maneno ya kumfariji, nikawaza nimfiche ufunguo wa pikipiki asije akaendesha na majonzi.

"Pole, kaka. Amekataa. Amesema mimi ni mtoto."

"Hivyo tu?"

"Na baba mdogo aende kwake, asiende mikono mitupu. Nadhani tumemkasirisha."

Kaka akaacha mnyororo. "Rudia hilo la mikono."

Nikarudia. Akaruka juu, akatua katikati ya dimbwi, akanikumbatia kwa mikono yake iliyojaa grisi.

"Eish, msomi! Amekubali! Anayekataa atatuitia wazee wa nini?"

Wenzake wakaanza kupiga honi. Mimi nilisimama pale nikipima kama tafsiri hiyo ina ushahidi wa kutosha, maana ingewezekana kabisa mzee anataka tu kumgombeza baba mdogo ana kwa ana. Kabla sijafika mbali na hoja hiyo, mzee akapita kando yetu, akamwambia kaka bila kugeuza shingo kwamba mke wake hapokei mbuzi aliyekonda.

Hilo hata mimi nililielewa.