Debe la Bibi

Wiki iliyopita nilipita tena njia ya kwenda kwa bibi, upande wa Magu, safari hii kwa gari la mdogo wangu. Mama alikaa mbele, mimi nikabanwa nyuma na gunia la mchele. Mdogo wangu ana kitambi siku hizi, na anaendesha kama waziri. Tulipofika kwenye daraja jipya nilimwomba apunguze mwendo, nikashusha kioo. Harufu ya tope na mafunjo ikaingia, nikarudi utotoni moja kwa moja.

Kama ulikulia mjini, huenda hujui jinsi mafunjo ya mdomoni mwa mto yanavyohama. Upepo ukivuma kutoka ziwani, yanang'oka kisiwa kizima na kuziba mfereji ulioupitia jana. Sisi tulikaa ng'ambo hii, bibi mzaa mama ng'ambo ile, na zahanati ilikuwa kwao. Basi, anayetaka kuvuka alipiga debe ufukweni, na mtu wa ng'ambo akamjibu kwa debe lake, akiwa amesimama pale mfereji ulipo wazi. Unafuata mlio. Debe la bibi lilikuwa limepasuka kona, likawa na sauti ya kukwaruza. Hata usingizini ningelitambua.

Kwangu ilikuwa raha tupu. Nilijua ng'ambo kuna matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa, na maziwa ya mgando, na kwamba bibi angenituma kuni kabla sijamaliza kutafuna. Mama ndiye hakuipenda safari ile. Alishika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili, macho kayatoa, haachii mpaka akanyage ardhi.

Halafu mdogo wangu akaugua. Alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Homa ilimpanda tangu alfajiri, akaacha kunyonya, akaacha hata kulia. Baba alikuwa amekwenda mbali kuchunga ng'ombe. Mama akapiga debe, akapiga, kimya. Jirani yetu mvuvi akasema hawezi kukaa kutazama mtoto anatufia, akatupakia.

Tulipoingia kwenye mafunjo, njia ikaisha mbele yetu. Tulipogeuka, nyuma napo pamejifunga. Mama akawa anamwita mtoto jina lake, taratibu, tena na tena, na yeye hafungui macho. Sijawahi kuogopa vile.

Ndipo tukalisikia lile debe linalokwaruza, upande wetu wa kulia, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na njia.

"Huko siko, mama. Huko ni tope tupu," jirani akasema.

"Huyo ni mama yangu. Nenda."

Akasukuma upondo. Mafunjo yakatuchapa mashavuni, kisha pakawa peupe, na bibi huyo hapo, maji kiunoni, debe mkononi. Kumbe alilisikia debe letu tangu mwanzo. Alikuwa akizunguka majini kutafuta palipo wazi, na hakutaka kutujibu mpaka apapate. Hakusalimia mtu. Alimpokea mtoto akakimbia naye zahanati, na shikamoo yangu ikabaki mdomoni. Jioni mtoto alilia kwa njaa, na watu wazima wote wakacheka huku wanafuta machozi.

Bibi hayupo sasa, na debe lake sijui liliishia wapi. Namkumbuka sana, na matobolwa ya mjini hayafanani na yake hata kidogo. Lakini ule mfereji siutamani, nakwambia kweli. Daraja ni zege na vyuma tu, halina utamu wowote, na nalipenda.

Nikainama mbele nimwambie mama kwamba tunapita pale pale bibi alipokuwa akisimama. Mdogo wangu akaweka kidole mdomoni.

"Usimwamshe, dada."

Mama alikuwa amelala fofofo, mikono imelegea mapajani, na maji yakipita chini yake.