Mama Anamlilia Doto, na Doto Ni Mimi

Admin, nifichie jina la ukoo na la parokia, mengine waache watu wayasome. Nina miaka thelathini na mbili, niliachika, naishi Itetemia hapa Tabora na mama yangu mzazi. Naitwa Doto. Hilo halinifichui, kila mtaa wa huku una Kulwa na Doto wake: Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa, Doto ni anayefuata. Kulwa wangu, dada yangu, alifariki masika yaliyopita. Ilikuwa homa tu, tukajua atainuka.

Tulifanana mpaka walimu wakawa wanatuchapa wote wawili ili wasikosee. Mama macho yake yaliingia ukungu zamani, lakini hakukosea hata siku moja. Kulwa alilelewa na bibi kule Kigwa mpaka alipoanza shule, akarudi na Kinyamwezi chake, akawa anamwita mama "mayu". Mimi nilimwita mama. Kwa neno hilo moja alitujua hata tukiwa nje ya mlango.

Kila kiangazi waumini wa kwetu huenda kuhiji kwa baiskeli, kwa ile njia ya zamani ya misafara, mpaka kwenye kilima chenye sanamu ya Mama Maria. Mchanga wa njiani unavumilika. Mlima ndio hauna huruma: mawe, kona, na makorongo ya mvua. Kulwa alimbeba mama kwenye keria na hakushuka mpaka juu, kisha anapiga kengele tujue amefika. Mimi nilibeba sufuria na mikeka, na kwenye kona ya pili nilikuwa nashuka nasukuma. Watu wanacheka: "Doto kashuka!" Ikawa msemo wa nyumbani. Nilipoacha shule, Doto kashuka. Ndoa ilipovunjika, Doto kashuka. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Baada ya mazishi akili ya mama ikaanza kupotea njia. Leo anakumbuka, kesho anauliza Kulwa yuko wapi. Mwaka huu aling'ang'ania kuhiji, nikachukua baiskeli ya Kulwa kwa sababu keria yake ni pana. Kosa langu la kwanza hilo.

Kwenye kona ya pili pumzi ikaniishia. Nikashika breki nishuke. Mama akanigonga mgongoni kwa kiganja. "Kulwa! Unashuka tangu lini? Anayeshuka ni Doto."

Sijui nini kilinipata. Nilichoka, niliona uchungu, na kwa mara moja tu nilitaka kuwa yule asiyeshuka. Nikaitika, "Abee, mayu." Nikakanyaga pedali.

Ndugu zangu, mlima ule nilikuwa sijawahi kuumaliza bila kushuka maishani mwangu. Siku hiyo niliumaliza na mama kwenye keria, na miguu haikuuma. Nilisikia mtu anahema pembeni yangu, kwa mhemo ninaoujua tangu tumboni. Sikugeuka. Juu kabisa kengele ikalia, na mpaka leo siwezi kuapa kama ni kidole changu kilichoipiga.

Mama akapiga magoti mbele ya sanamu, akasema kwa sauti, watu wote wanasikia: "Asante Mama Maria. Umemchukua Doto, umeniachia Kulwa. Ulijua nitaweza kuishi na yupi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika baiskeli.

Tangu siku hiyo mama amepona, kwa namna yake. Anakula, anaimba, anasuka ukili. Mimi ni Kulwa, mchana kutwa. Jirani alimwambia, "Mama, Doto si huyu hapa?" Akacheka: "Huyu kanipandisha mlima. Doto angeweza?" Kaka yetu aliye Dar ananiambia kwenye simu, "We itikia tu, bi mkubwa ameshazeeka." Rahisi kusema ukiwa mbali.

Nilijaribu ukweli mara moja. Nilimshika mikono nikamwambia, mama, mimi ni Doto, Kulwa ndiye tuliyemzika. Alianguka chini akalia kilio kilekile cha siku ya msiba, kana kwamba jeneza liko sebuleni. Asubuhi akaamka, akaita, "Kulwa, mwanangu, uji." Nikampelekea. Sina moyo wa kumzikia mtoto huyo mara ya pili.

Kumbe yaliyobaki ndiyo mabaya zaidi. Wiki iliyopita alitaka kwenda kaburini kumwombea Doto. Akapapasa msalaba wa saruji kwa vidole, herufi moja moja. Akasema, "Fundi amekosea jina." Anataka msalaba mpya, na anataka niuandike mimi kabla saruji haijakauka, kwa sababu Kulwa alikuwa na mwandiko mzuri. Niandike Doto. Atapapasa, sitaweza kumdanganya. Saruji ameshaagiza, iko uani kwetu imefunikwa turubai.

Nikiandika, dada yangu atakuwa hana kaburi, nami nitakuwa nalo ningali natembea. Nikikataa, mama atajua ameachiwa yule ambaye asingeweza kuishi naye. Na naogopa jambo jingine. Jana mtu aliita "Doto!" barabarani, nikageuka kutazama anamwita nani.

Niambieni ninyi mliofiwa na mlio na wazazi wazee, msinicheke. Mko wengi na mimi niko peke yangu kwenye kona ya pili. Nishuke, au nikanyage mpaka juu?