Waliizika Kompyuta ya Dawa Ingali Hai

Saa mbili kasorobo asubuhi, Bi Nyaya amepiga magoti nyuma ya meza katika chumba cha dawa cha kituo cha afya. Tochi ndogo kaiuma kwa meno, na kichwa kimezama kati ya ukuta na kompyuta yenye umri wa miaka kumi na minne. Juu ya kompyuta hiyo imebandikwa karatasi yenye muhuri: MBOVU. ITUPWE.

Anaitoa tochi mdomoni. "Nani kasema mbovu?"

"Mtaalamu wa makao makuu, mama," anajibu karani wa dawa, mwanamume mpole wa miaka arobaini na kitu, aliyesimama mlangoni akikunja na kukunjua leso.

"Alikaa muda gani?"

"Hata kiti hakuvuta. Alichomeka waya, akaona taa ya mtandao haiwaki, akaandika."

Bi Nyaya anapitisha kidole nyuma ya mashine, kinatoka na vumbi jeusi. "Hata skrubu moja haijaguswa. Huyu ni daktari gani, anatangaza msiba na mgonjwa hajamshika mkono?"

Hasira yake ina sababu. Kituo hiki huagiza dawa mara moja kila miezi mitatu, kupitia kompyuta hii tu, kwa sababu programu ya maombi ni ya zamani na haikubali mashine nyingine yoyote iliyopo hapa. Maombi ya karatasi makao makuu waliyakataa tangu mwaka jana. Leo ni Ijumaa, siku ya mwisho, na dirisha la maombi linafungwa saa sita mchana. Likifungwa, kituo kitakaa miezi mitatu mingine na rafu tupu.

Kompyuta haijapata mtandao kwa siku tisa. Karani aliporipoti, aliletewa mtaalamu na karatasi. Mashine mpya, aliambiwa, ingefikiriwa kwenye bajeti ijayo. Ndipo akamwita Bi Nyaya.

Nje, kwenye benchi, ameketi mama mmoja na binti yake wa miaka saba mwenye kifafa. Mtoto anameza vidonge viwili kwa siku. Mama amevihesabu tena asubuhi hii: vimebaki kumi na viwili. Hii ni mara ya tatu anakuja na kuambiwa arudi.

Bi Nyaya ana miaka hamsini na saba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa laini za simu, na alipanda nguzo hata akiwa na mimba ya miezi mitano. Jina la Bi Nyaya alilipata huko. Kisha shirika likafunga laini zake, na mafundi wakapewa barua ya aya moja.

"Walituambia simu za waya zimekufa," anasema. "Walivyotutazama, ungedhani na sisi tumekufa nazo."

Alijifunza kompyuta kwa kufungua mbovu za majirani. Sebule yake imejaa mabodi na feni, wageni hukaa jikoni. "Mume wangu anaogopa kuugua," anacheka. "Anasema akipiga chafya tu nitamwendea na bisibisi."

Lakini leo kicheko hakidumu. Anapouchomoa waya wa mtandao, kitu chembamba kinadondoka sakafuni. Anakiokota na kukiinua kwenye mwanga. Ni nusu ya kijiti cha kiberiti.

Karani anainamisha kichwa. "Ni mimi, mama."

Kibano cha waya kilivunjika miaka miwili iliyopita, anaeleza, na tangu hapo waya ukawa unachomoka kila mtu akigusa meza. Akaanza kuukaza kwa kijiti. Kikilegea, anaongeza kingine. Siku baada ya siku vijiti vikavipinda vile vidole vidogo vya shaba vilivyo ndani ya tundu, mpaka vikakatika.

"Mtaalamu alipokuja nilinyamaza. Nilijua nikisema, kazi sina."

"Waya mpya uliomba?"

"Mara tatu. Nakala za barua ninazo."

Bi Nyaya anakiweka kijiti mezani. "Basi inua kichwa, mwanangu. Waya mmoja! Mtu anaombwa waya mmoja miaka miwili, halafu anakuja kuzika mashine nzima."

Tundu limekufa kweli, lakini mashine yenyewe ni nzima. Anaukata waya na kuuvalisha kichwa kipya, kisha anaujaribu kwenye kompyuta yake ya mkononi. Mtandao upo. Kutoka kwenye mkoba anatoa kadi ya mtandao yenye tundu lake, iliyoviringishwa kwenye kitambaa, aliyoing'oa kwenye mashine ya rika hili hili. Vifaa vya kisasa, anasema, mzee huyu hatavitambua.

Anafungua skrubu, anapuliza vumbi, anaikandamiza kadi kwenye nafasi yake. Programu ya kuiendesha kadi ameibeba kwenye flashi, kwa kuwa mashine isiyo na mtandao haiwezi kujipakulia chochote. Tundu la zamani analizima kwenye mipangilio, kompyuta isiendelee kulitegemea.

Saa tano na robo, taa ya kijani inawaka. Karani anapiga makofi. Amefurahi mapema.

Mfumo unakataa. Makao makuu huitambua kila mashine kwa namba ya kadi yake, na namba hii ni ngeni kwao. Bi Nyaya anapiga simu na kuweka sauti ya juu.

"Mama, hiyo mashine ilishafutwa kwenye kumbukumbu," sauti ya kijana inajibu. "Hatuwezi kusajili mashine ambayo haipo."

"Haipo? Mbona nimeiegemea?"

"Jaza fomu, mama. Siku saba za kazi."

Saa ya ukutani inaonyesha saa sita kasorobo. Bi Nyaya habishani tena. Anatoka na simu hadi kwenye benchi, anamkabidhi yule mama. "Dada, mwambie huyu kijana vidonge vimebaki vingapi."

"Kumi na viwili," mama anasema taratibu. "Vya siku sita. Akivikosa anaanguka. Mara ya mwisho aliangukia kwenye ngazi, akapasuka hapa." Anagusa paji la uso la mtoto, kana kwamba aliye upande wa pili anaona.

Sauti ya kijana inajibu, safari hii ya chini: "Nisomeeni hiyo namba."

Siku saba za kazi zilichukua dakika nne. Saa sita kasoro dakika nane, neno moja linatokea kwenye kioo: IMEPOKELEWA. Karani anaketi na kujifuta macho kwa ile leso. Dawa zitafika Jumatano.

Makao makuu, walipoulizwa na mwandishi wa makala hii, walijibu kuwa mtaalamu alifuata utaratibu: kompyuta iliyozidi miaka kumi haifunguliwi. Nani aliuandika utaratibu huo, hakuna aliyeweza kusema.

Bi Nyaya hashangai. Nyuma ya ofisi zao kuna ghala la mashine zilizohukumiwa hivyo hivyo, na mara mbili ameomba aruhusiwe kuingia na bisibisi yake kwa wiki moja tu. Hajajibiwa.

Anaibandua karatasi ya MBOVU polepole isichanike, anaiweka kwenye daftari lake. Ni ya thelathini na moja, zote za mashine zinazofanya kazi hadi leo.

"Zikifika arobaini nakwenda kwa mkubwa wao," anasema. "Namwekea mezani moja moja, na kwa kila moja namtajia nani alikuwa anasubiri nje. Na hatoki mpaka zimalizike."

Anachomoa kalamu, anaigeuza karatasi, anaandika upande wa nyuma asije akasahau: Binti, miaka saba. Vidonge kumi na viwili.