Video Zilizorudi Bila Majina

Mtaani walimwita Mama Nakala, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoa nakala. Cheti, barua ya mahakama, ripoti ya mtoto, hati ya kiwanja: wewe leta, yeye anatoa mbili tatu, anabana pini, anakukabidhi zikiwa bado na joto la mashine. Sasa mwanamke kama huyo, anayeishi kwa kutoa nakala, kitu chake cha thamani kuliko vyote ungedhani anacho katika nakala ngapi? Moja. Ndiyo, moja tu, na ya pili atatoa kesho. Waliosema mganga hajigangi hawakukosea hata kidogo.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye diski ya nje, hizi za ukubwa wa kiganja zinazochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Humo ndani mlikuwa na video za mikono ya dada yake.

Huyo dada ni mkubwa wake, wamefuatana, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Shule hakupelekwa, kwa hiyo ile lugha ya ishara wanayofundishwa viziwi wengine hakuijua. Alikuwa na lugha yake aliyoitunga mwenyewe pale nyumbani, kwa vidole, viganja, bega na uso, na mtu mmoja tu ndiye aliyesemekana kuijua yote: mama yao. Mama Nakala aliolewa mbali akiwa bado msichana mdogo, akarudi miaka minne iliyopita mama alipoanza kuugua. Alijua ishara za kula, kulala, njoo, acha. Ndipo akaanza kumrekodi Dada kwa simu, ishara moja video moja, sekunde nne tano, mama akiwa pembeni anaeleza maana. Sauti alizifuta, maana mama alikuwa mkali: alisema sauti yake isiwekwe humo, wasije siku moja wakakaa kuisikiliza na kulia badala ya kufanya kazi. Basi maana ya kila ishara Mama Nakala aliiandika kama jina la video. "Maji." "Kizunguzungu." "Naona haya." "Mtu huyu simwamini." Zikafika mia sita na kitu, kisha mama akafariki.

Sasa Dada alikuwa na mawe kwenye nyongo, na daktari alishapanga kumpasua siku ya Alhamisi. Angelala wodini siku nne, na ndugu hawaruhusiwi kuingia ila jioni, muda wa kutazama wagonjwa. Siku nne na kidonda tumboni, katikati ya watu wasiojua neno lake hata moja! Mama Nakala aliapa kwamba hilo halitokei akiwa hai. Angetoa picha kwenye zile video, aandike maana chini yake, ajalidi kitabu, awakabidhi wauguzi. Zilibaki siku tisa. Akachomeka diski.

Diski ikalia tik, tik, tik, ikanyamaza. Akachomoa, akachomeka. Tik, tik, tik. Akabadilisha waya, akahamia kompyuta nyingine, akaipiga-piga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Wapi.

Fundi kompyuta alikuwa mtu mkavu, asiyepoteza maneno. Aliuliza ameichomeka mara ngapi tangu ianze kulia. Mara mbili, akajibu Mama Nakala. Fundi akamtazama tu. Haya, mara kumi na moja. Fundi akaeleza kwamba ndani mna kisahani kinachozunguka na kisindano kinachokisoma, na kisindano kile kimechoka. Kila ukiiwasha kinaweza kukikwaruza kisahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena mpaka kiama. Kwa hiyo hafungui faili hata moja. Kwanza atanakili diski nzima kipande kwa kipande, sehemu sugu aziruke azirudie baadaye, halafu ndipo achimbe mafaili kwenye nakala na kumwacha mgonjwa apumzike. Akauliza kwa nini hakuwa na nakala nyingine. Mama Nakala akasema alikuwa anapanga. Fundi akasoma maandishi kwenye fulana ya Mama Nakala, "NAKALA PAPO HAPO", akarudi kwenye kazi yake.

Ilichukua siku tano. Mtu mwingine angepiga simu. Huyu alifunga duka kila adhuhuri akaenda kwa miguu yake kutazama. Diski ililazwa ubavu, feni ndogo ikiipepea, na kwenye kioo cha kompyuta namba zikipanda kwa shida. Zilipofika asilimia sabini na moja zikakwama siku mbili. Fundi akamshauri kwa upole akubali kilichopatikana.

"Sikuja hapa kukubali," alisema Mama Nakala. "Endelea."

Fundi akaendelea. Siku ya tano akamwita: video mia nne thelathini na moja zimetoka salama. Mama Nakala alikuwa ameshainua mikono amkumbatie, fundi akamwambia asifurahi kwanza. Sehemu ya diski iliyokuwa na majina ilikwaruzwa vibaya. Ni kama kitabu, alisema, kurasa zimepatikana lakini vichwa vya habari vyote vimeng'oka. Video ya kwanza iliitwa moja, ya pili iliitwa mbili, na kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho.

Hasira aliyoipata Mama Nakala ilikuwa ya kugawa bure. Alimkasirikia fundi, akaikasirikia diski, akamkasirikia marehemu mama aliyekataza sauti, na yeye mwenyewe akajipa fungu kubwa kuliko wote. Mikono ya Dada ilikuwapo, na aliyejua inasema nini alikuwa kaburini.

Jumapili aliketi dukani mlango ukiwa umefungwa, daftari mbele yake. Alizikumbuka tisini hivi. Nyingine alibahatisha: hii ni njaa au ni tumbo kuuma? Dada, ambaye hupiga pasi kwa dobi siku zote saba na leo aliachiwa mapema, akaingia na chai. Akajiona kwenye kioo cha kompyuta, mwembamba wa miaka minne iliyopita, akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akausukuma mkono wa mdogo wake kutoka kwenye kipanya, akavuta stuli, akakaa. Video ya kwanza ilikuwa ya mkono ukizunguka kifuani. Dada akatunisha mashavu, akainamia ndoo ya taka. Kichefuchefu! Mama Nakala akaandika. Dada akabonyeza inayofuata.

Jamani, miaka arobaini na tisa nyumba nzima ilikuwa ikimuuliza mama maana ya maneno ya Dada. Hakuna aliyewahi kumuuliza Dada.

Walikwenda hivyo mchana kutwa. Pale maana ilipogoma Dada alichora, akaigiza, akamburuta mdogo wake hadi bombani. Nyingine Mama Nakala alizikumbuka alivyoambiwa na mama, na Dada akatikisa kichwa, sivyo. Ile ambayo mama aliifasiri "sina neno", kumbe ni "nimechoka kueleza".

Ikaja video ya vifundo viwili vya mikono vimepishana. Hiyo Mama Nakala hakuhitaji kuuliza, ni hospitali. Mama alisema, na yeye mwenyewe alikuwa akiitumia kila jioni kwa wiki mbili, kwa tabasamu, ili kumtia Dada moyo: Alhamisi, mimi na wewe, hospitali. Akawa anaandika. Dada akaishika kalamu yake. Akaenda kwenye rafu, akachukua kamba ya kufungia maboksi, akajizungushia vifundo vyote viwili, akaikaza kwa meno, akalala chali sakafuni. Akavuta mikono kulia, akavuta kushoto, haikutoka. Kisha akanyoosha vidole viwili, akaonyesha jua likichomoza na kuzama, mara mbili.

Mama Nakala alijua kwamba Dada aliwahi kulazwa kwa homa, yeye akiwa huko alikoolewa. Aliambiwa tu kwamba alipona. Kumbe wauguzi walimwona anarusha mikono wakadhani homa imempanda kichwani, wakamfunga kitandani, na kumfunga Dada mikono ni kumziba mdomo. Na wiki mbili hizi mdogo wake alikuwa akimwambia huku anatabasamu: Alhamisi nakupeleka ukafungwe. Na kila jioni Dada alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Alilia, tena kwa sauti. Dada akajifungua kamba, akampiga kofi la bega, akabonyeza inayofuata.

Alhamisi asubuhi Mama Nakala alifika wodini na vitabu ishirini. Ukurasa wa kwanza aliuandika kwa herufi kubwa: ANAONGEA KWA MIKONO. MSIMFUNGE. Muuguzi mkuu alisoma, akasema kwa heshima kwamba chumba cha upasuaji kina utaratibu wake, mikono ya kila mgonjwa hufungwa kwa mikanda.

"Akishalala, fungeni mnavyotaka," alisema Mama Nakala. "Kabla hajalala, na kabla hajaamka, iwe wazi. Sitoki mlangoni hapa mpaka niambiwe hivyo na atakayemlaza."

Daktari wa usingizi akaitwa. Akasoma, akafunua kurasa tatu nne, akajaribu ishara ya "unaumwa wapi". Dada akamrekebisha kidole gumba. Daktari akarudia, akasema itakuwa hivyo.

Ijumaa jioni, muda wa kutazama wagonjwa, Mama Nakala aliingia wodini mbio mbio. Dada alikuwa ameegemea mto, mikono inakwenda kasi, uso umekunjwa. Pembeni ya kitanda muuguzi kijana, kitabu magotini, alikuwa akitikisa kichwa na kumjibu kwa vidole vya kuungaunga.

"Shikamoo, mama," alisema muuguzi. "Huyu dada yako ni mbishi! Tangu mchana tunagombana juu ya dirisha hili."

Watu walishamwita Dada mpole, mnyamavu, mtu asiye na makuu, wengine masikini wa Mungu. Mbishi hakuna aliyewahi kumwita. Mama Nakala akavuta kiti, akakaa, akawasubiri wamalize.