Betri Iliyogeuzwa

Mpaka leo nikipita karibu na ile gereji ya Makutano damu hunichemka, na sitaki kuambiwa nisahau.

Gari lenyewe lilikuwa la baba, gari dogo la Kiingereza alilonunua akiwa mwalimu kijana. Macho yalipomwishia, aliniachia nilitunze kwangu Kinoru, hapa Meru, kwa sababu ni mimi niliyemshikia tochi akilitengeneza tangu nikiwa darasa la nne. Kaka yangu mkubwa alitaka alipeleke Nairobi, alipake rangi nyeupe, alikodishe kwenye harusi. Baba hakumpa, wala hakumkatalia. Alisema Agosti, tutakapokutana nyumbani Manyatta kule Embu, nifike nalo bila kusukumwa, ndipo atasema gari ni la nani.

Shida ilikuwa pointi. Ni vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta, kile kikombe kinachozigawia plagi umeme. Hugusana na kuachana, na kila vikiachana plagi hupata moto. Vyangu vilikuwa vimechoka. Kila baada ya wiki mbili vinafanya vishimo, gari linakohoa, nami nainama kuvipiga msasa na kupima upya nafasi iliyo kati yake. Mgongo wangu si wa kuinama tena. Nikaagiza kifaa cha elektroniki, kidude kisichozidi kiberiti, kinachofanya kazi ileile bila kugusana na chochote. Nilimuuliza muuzaji mara tatu kabla ya kulipa, maana gari hili lina mambo yake: upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya siku hizi. Nililetewa kidude cha aina hiyo hasa, pamoja na karatasi ya maelezo.

Ningekifunga mwenyewe, ila skrubu moja ya pointi ilikuwa imeliwa kichwa na haikutoka. Nikaenda kwa fundi. Mume wangu akajitolea kunisindikiza. Yeye ni muuza nyama. Anamjua mbuzi kwa kumshika mgongo tu, lakini boneti hajui inafunguliwa wapi, na hajawahi kujifanya anajua.

Fundi alimsalimia yeye. Nikaeleza habari ya chanya na hasi, nikatoa karatasi. Alinisikiliza huku akimtazama mume wangu, kana kwamba mimi ni mkalimani tu. Karatasi akaifutia mikono. Skrubu aliitoa vizuri, hilo nampa, na kidude akakifunga mahali pake. Kisha akaitazama betri, akatabasamu.

"Mzee, hii betri ilifungwa vibaya," akamwambia mume wangu. "Nigeuze?"

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti iliyonyamazisha madarasa miaka thelathini. Na mume wangu, Mungu amsamehe, akamjibu, "Wewe ndiye fundi, fanya unavyoona." Nikamgeukia mume wangu nimgombeze, na hapo ndipo nilipokosea mimi, kwa sababu tukibishana spana ilikuwa kazini, na betri ikageuzwa. Fundi akawasha swichi. Kidude kikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, kikafa.

Fundi hakubabaika. Alisema hivi vitu ni feki, halafu akamshauri mume wangu amnunulie mama gari la kisasa. Mama ni mimi, niliyesimama hatua mbili kutoka hapo.

Nilimwomba spana. Hakunipa, nikaichukua. Nikairudisha betri ilivyokuwa, nikafunga tena pointi za zamani, nikapima nafasi kwa kipande cha kadi ya chama cha wakulima wa kahawa kama baba alivyonizoesha, na gari likawaka. Mafundi wengine waliacha kazi wakanitazama. Hakuna aliyesema pole. Mume wangu aliomba msamaha tulipofika nyumbani, nami nikaukubali baada ya siku mbili.

Niliagiza kidude kingine. Jumamosi moja nikakifunga peke yangu uani, polepole, nikisoma kila mstari wa karatasi yake. Gari liliwaka mara ya kwanza. Agosti ilipofika tulishuka bonde la Nithi tukalipanda, tukapita Chuka na kona zake zote, na halikukohoa hata mara moja. Niliendesha mimi. Nilikuwa na furaha ya mtoto, nakiri.

Kaka zangu walikuwa uani wakichoma nyama. Baba alitoka na bakora yake, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza injini kwa muda mrefu. Kisha akapapasa mpaka akaushika mkono wa mume wangu.

"Mkwe, umelitunza vizuri," akasema. "Gari ni lako."

Mume wangu alisema haraka kwamba yeye hajaligusa, kwamba kazi yote ni yangu. Kaka zangu wakacheka, wakaona ni unyenyekevu. Nilimsubiri baba awakatize. Hakuwakatiza. Nikamshika mkono nikampeleka pembeni, kwenye mibuni yake, nikamuuliza kama kweli hajui ni nani aliyelitunza.

"Najua ni wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mbele ya kaka zako ningesemaje? Likiwa la mumeo ni lako pia."

Fundi wa Makutano hakunijua. Alimwona mwanamke akaona inatosha. Baba ndiye aliyenifundisha. Iliniuma mpaka nikashindwa kula. Nilimwekea ufunguo kiganjani, nikamwambia sitaendesha gari nililopewa kwa mgongo wa mtu mwingine, tukarudi Meru kwa matatu.  Njiani mume wangu alinishika mkono, basi.

Wiki tatu zikapita. Kisha simu ya baba ikaingia mchana, nikiwa naanika nguo. Alisema gari limekaa tu uani na linamsumbua moyo.

"Njoo uchukue gari lako," akasema.

Nikamuuliza yuko na nani hapo. Akasema yuko peke yake. Nikamwambia awaite kaka zangu wote kwanza, kisha anipigie tena.