Fundi Aliyeogopa Cherehani Yake

Mume wangu ni fundi cherehani. Tangu ugonjwa wa moyo umlaze hospitali, alikaa mbali na cherehani yake hata buibui wakashona humo magauni mawili na koti. Alikuwa halali, hacheki, hata nikimtania hanijibu. Nikaogopa nitabaki na mume wa kupangusa vumbi.

Kliniki, daktari akampima. "Babu, moyo uko sawa kabisa."

"Nashukuru," akajibu, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

"Daktari, mjukuu wangu," nikadakia, "umepima moyo unaopiga. Huo mwingine, unaoogopa, mashine yake iko chumba gani?"

Muuguzi akacheka, lakini daktari akavuta kiti. "Babu, unaogopa nini?"

Mzee akaangua kilio. "Nikikanyaga cherehani, moyo unakwenda mbio. Naona nitafia kwenye suruali ya mtu!"

Akapelekwa kwa mshauri wa wenye hofu. Huyo akamwanzisha kukanyaga cherehani dakika mbili, kesho yake tatu, mpaka akaamini kwamba mbio zile za moyo si kifo.

Jana kanishonea gauni, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nilipolalamika akanijibu, "Kosa ni la mikono yako, bibi." Basi nikajua mume wangu karudi.