Tairi Lililoletwa na Ukungu

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya nitakayokusimulia sikuyasikia kwa jirani wala sikuyaota. Yalinikuta mimi, kibarazani kwangu Magamba, jua halijazama, nikiwa na spana mkononi na grisi mpaka kwenye viwiko. Ushahidi ninao. Siku ukifika kwangu nitakupa uushike kwa mikono yako, kisha uniambie kama mimi ni mwongo.

Kwanza ujue kwamba mimi ni fundi baiskeli. Ndiyo, mwanamke. Marehemu baba alikuwa fundi wa zile baiskeli nyeusi za Kichina, nzito, zenye breki za vyuma, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume akanifundisha mimi. Watu walinicheka weee, wakachoka, wakaanza kuniletea baiskeli zao. Miaka ile ya shida, grisi haionekani dukani, tulikuwa tunalainisha gololi kwa mafuta ya nyonyo, na raba za breki tunazichonga kwenye matairi makuukuu ya malori. Kisha nchi ikafunguliwa, kila kitu kikawa ruksa. Mitumba, redio, sabuni za kunukia, na hizi baiskeli za milimani zenye gia, zilizokwisha kutumika Ulaya, zinashushwa Tanga kwenye makontena na baada ya muda mfupi ziko huku juu kwetu. Mimi nilizipenda kuliko hata zile kanga mpya. Nilikuwa nazifungua hata zisizo na ugonjwa, nione tu ndani kuna nini. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku malaika akija kuichukua roho yangu, nitamwomba kwanza anionyeshe mabawa yamefungwa kwa nati gani.

Huyo mume wangu, Baba Zubeda, alikuwa amenunua baiskeli ya gia na akili yake yote iko huko. Mpango wake ulikuwa huu: mapeasi yetu yalikuwa yameiva, na mapeasi yakiiva hayamsubiri mtu. Kesho yake alfajiri angefunga matenga nyuma ya baiskeli, ateremke Lushoto, ateremke Soni, ateremke mpaka Mombo kule chini, awauzie abiria wa mabasi makubwa kabla wachuuzi wengine hawajafika. Kurudi angeweka baiskeli juu ya basi. Kama huijui njia ile, nikwambie: kutoka Soni kwenda Mombo ni mteremko mtupu, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande wa pili mto uko chini sana unanguruma. Ukiwa na mzigo wa matenga mgongoni mwa baiskeli, roho yako yote iko kwenye breki. Ndiyo maana nilitaka kila kitu nikifunge kwa mkono wangu.

Asubuhi ile nikafungua gurudumu la nyuma. Nikabadilisha gololi, nikatia grisi, nikanyoosha rimu mpaka ikazunguka bila kuyumba. Tairi lilikuwa na tundu la msumari, nikalishonea kwa ndani kipande cha tairi kuukuu, kwa ule mshono wa msalaba aliokuwa akishona baba, ambao fundi mwingine yeyote huku hana. Halafu nikaweka alama yangu. Kila fundi ana alama yake. Baba alikuwa anakwangua nati kwa tupa. Mimi nafunga uzi wa kanga kwenye spoku, zile waya za gurudumu, ile iliyo karibu na mdomo wa pampu, ili mtu asije akaniletea kazi iliyoharibiwa na mwingine akasema ni yangu. Na uzi wa siku hiyo, tafadhali uukumbuke huu uzi, ulikuwa mwekundu na wa manjano. Ulitoka kwenye doti mpya niliyoletewa na dada yangu, nikaikata vipande viwili asubuhi ile ile nipinde kingo. Nyuzi zilizochomoka ndizo nilizofungia. Baiskeli nyingine yenye uzi ule haikuwapo duniani.

Zikabaki breki. Nikamwambia Baba Zubeda anisubiri nirudi kuchota maji. Kusubiri? Yule? Niliporudi nikakuta ameshafunga raba mpya mwenyewe na ameondoka kwenda kutafuta matenga. Nikasema alhamdulillahi, kazi imepungua, nitazikagua baadaye. Nikaiegemeza baiskeli ndani ukutani.

Baada ya swala ya alasiri ukungu ukashuka. Sisi tumezaliwa ndani ya ukungu, hautushtui, lakini ule ulikuwa mzito hata mgomba wa uani ulikuwa hauonekani, majani tu yanadondosha maji. Nikasikia kitu kinakwaruza barabarani, kinakuja kutoka upande wa bondeni. Akatokea mtu anakokota baiskeli.

Alikuwa mtu mzima, amevaa koti refu la mvua la kizamani na kofia aliyoishusha mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akanyamaza. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akanyamaza tena, ananitazama tu. Huku kwetu, msikilizaji, hata mtu uliyegombana naye mpaka wa shamba ukimpa shikamoo atakuitikia, halafu ndipo mwendelee kugombana. Moyoni nikasema, huyu mzee ana kiburi gani? Nikanuna, wala sifichi.

Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaonyesha gurudumu la nyuma. Nikamuuliza ni ya nani. Akajibu kwa Kishambaa cha zamani, kile cha bibi zetu, sauti ya chini kabisa, kwamba yeye anairudisha tu, mimi nitazame.

Mtu mwingine angemwambia aende zake. Mimi ukiniambia nitazame, umenimaliza. Nikachuchumaa.

Baiskeli ilikuwa imegandiwa na matope hata rangi yake haijulikani. Nikashika rimu, nikaitoa mikono upesi, maana ilikuwa ya moto kama kikaango. Sasa nikuulize wewe. Rimu hupata moto mtu akishikilia breki kwenye mteremko mrefu. Huyu mtu ametoka bondeni, amepanda kwa miguu, anakokota. Huo moto aliutoa wapi? Nikaangalia koti lake. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya paa na nywele zimelowa, yeye aliyetoka kwenye ukungu wote ule alikuwa mkavu kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Na bado, niamini, kilichonishika zaidi ni kutaka kujua lile gurudumu lina nini.

Nikalichomoa tairi. Ubavuni lilikuwa limepasuka, mpasuko mrefu umeachama. Msumari hutoboa na jiwe hukata, lakini huu haukuwa mkato wa jiwe. Ukingo wake ulikuwa umelika taratibu, umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, halafu ndipo ukaachia. Nikaligeuza ndani. Nikakuta kipande cha tairi kuukuu kimeshonewa kwa mshono wa msalaba.

Nikajiambia labda baba alimfundisha mtu mwingine bila mimi kujua. Nikafuta matope kwenye spoku iliyo karibu na mdomo wa pampu. Uzi ulikuwapo, mwekundu na wa manjano.

Nilinyanyuka na lile tairi mkononi nikaingia ndani. Baiskeli ya Baba Zubeda ilikuwa palepale ukutani, safi, nzima, na uzi wake uko kwenye spoku. Nikapiga magoti, nikazungusha gurudumu la nyuma, nikaminya breki. Unajua nilichokiona? Raba zilikuwa hazibani rimu vizuri. Zilikuwa juu mno, nusu zinabana rimu na nusu zinalala kwenye ubavu wa tairi. Baba Zubeda amekulia kwenye baiskeli za Kichina, ambazo raba zake huvutwa kwenda juu, basi na hizi alizifunga kwa mazoea yale yale, akazipandisha. Inaonekana aliijaribu kidogo tu hapo uani, na tayari ubavu wa tairi ulikuwa na mstari mwembamba. Nikaliweka tairi la mgeni kando ya lile. Mstari wa tairi letu ulikuwa mahali ulipo mpasuko wa lile la mgeni, hautofautiani hata upana wa ukucha.

Hapo nikaelewa kwamba nimeshika mkononi tairi la kesho.

Nikatoka mbio kibarazani kumuuliza yule mzee, na hapakuwa na mtu. Baiskeli haipo, gurudumu nililolivua tairi halipo. Kwenye matope kulikuwa na mchirizi wa rimu tupu, unaelekea bondeni. Nikaufuata. Ndiyo, niliufuata, nikiogopa na huku nataka kujua, mpaka pale barabara inapoanza kuinama. Hapo mchirizi ukakatika katikati ya matope mabichi, kana kwamba mtu amelinyanyua gurudumu akaenda nalo hewani. Nikarudi nyumbani nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

Baba Zubeda aliporudi kutoka msikitini baada ya magharibi, nikamwonyesha tairi. Nikamweleza habari za mtu, za rimu ya moto, za uzi. Habari ya shikamoo sikuitaja, niliona ni jambo dogo, tena la kunivunjia heshima mwenyewe. Alicheka kwanza. Nilipomkabidhi tairi alione ule mshono, akaacha kucheka. Lakini mume wangu kwa ubishi Mungu kamjalia. Akasema mapeasi yanaoza, wateja wamekwisha kuahidiwa, na yeye hawezi kukaa nyumbani kwa sababu ya mtu aliyepotea kwenye ukungu.

"Utakwenda," nikamwambia. "Ila breki nafunga mimi, na leo huigusi tena hiyo baiskeli."

Nikazilegeza raba zote nikazishusha, mpaka zikabana rimu tupu bila kuligusa tairi hata kidogo. Nikaweka tairi lingine, nikakaza waya, nikalala kwa kugeukageuka. Alfajiri nikaipanda mwenyewe na matenga yote nikateremka nayo kile kilima cha mbele ya nyumba, majirani waseme wanavyotaka. Ikashika. Ndipo nikampa.

Siku ile sikufanya kazi ya maana. Kila lori lililopanda nilikuwa natoka kuangalia kama limebeba maiti. Nilijilaumu kwamba nimemwachia, kisha nikajiambia ningemzuia vipi, kisha nikajilaumu tena. Jua likiwa limeelemea magharibi, nikamwona anakuja kutoka kituo cha basi, anakokota baiskeli, hazungumzi na watu wanaomsalimu. Nikaenda kumpokea baiskeli.

Alikunywa maji kwanza. Akasema mapeasi yote yamekwisha. Halafu akakaa kibarazani akanisimulia.

Alisema kwamba chini ya Soni alikuta ukungu umejaa barabarani. Akiwa anaingia kwenye kona moja, mbio, akaona mtu amesimama katikati ya njia, ana koti refu, ameshika baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma halina tairi. Akaminya breki kwa nguvu zake zote, na breki zikashika, akasimama mbele ya yule mtu. Na nyuma ya yule mtu kulikuwa na lori la kabichi limeharibika, limeziba njia yote. Unajua gari likiharibika barabarani watu hukata matawi wakayatandaza nyuma yake, kuwaonya wanaokuja. Wale wa lori walikuwa bado wako porini wanayakata. Yule mtu alikuwa amesimama mahali pa matawi.

"Akaniangalia," Baba Zubeda akasema, "akaniambia, 'Mwambie mkeo, marahaba.' Sasa mimi sielewi. Marahaba ya nini?"

Nililia. Nililia mpaka mwanetu Zubeda naye akalia bila kujua sababu. Mume wangu alikuwa amegeuza kichwa aweke baiskeli vizuri, na alipotazama tena hapakuwa na mtu. Wale wa lori waliporudi na matawi yao walisema hawakumwona yeyote.

Alikuwa nani? Nimejiuliza miaka yote hii, nimewauliza masheikh, nimewauliza wazee wa ukoo wetu, kila mmoja ana lake. Baba yangu hakuwa, sura ya baba naijua. Bado nataka kujua, na nitakufa nikitaka kujua. Tairi liko ukutani kwangu, mpasuko wake umeachama vilevile, na uzi wa kanga nimeufungua kwenye spoku yetu nikaufunga juu yake. Baba Zubeda ana mvi siku hizi, lakini hapandi baiskeli yoyote, hata ya kuazima, mpaka ainame aone raba zinagusa wapi.

Na wewe uliyenisikiliza, inama uangalie kabla hujateremka mlima. Halafu ukimwamkia mtu akakunyamazia, usinune haraka kama mimi. Angalia kwanza mikononi mwake amekuletea nini, maana pengine marahaba yako iko njiani, na atakayeibeba ni mtu unayempenda, kama atafika.